Shahamu Inayouma na Ngiri Inayojificha
Mhadhara kwa wauguzi, matabibu, wanafunzi wa afya na wananchi

Nawashukuru waandaaji kwa kutoa ukumbi kwa jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa pembezoni mwa vitanda tu, tena kwa sauti ya chini.

Nimekuja na lengo moja. Kuna ugonjwa adimu wa tishu ya mafuta uitwao ugonjwa wa Dercum, na kuna ngiri, ambayo hakuna familia katika ukumbi huu isiyoijua. Mara nyingine yote mawili humkuta mtu mmoja. Nataka tukubaliane kwamba ngiri ya mgonjwa haitupi ruhusa ya kuacha kumsikiliza anaposema mafuta yake yanauma, wala vivimbe vyake vya mafuta havitupi ruhusa ya kuacha kumpima ngiri. Nitaeleza kwa hoja nne. Ya tatu itakuwa ndefu kuliko wenzake, maana hapo ndipo watu wanapopoteza maisha.

Hoja ya kwanza: mafuta ya mwili yana uhai, na yanaweza kuuma

Huku Pwani mwili wenye shahamu husifiwa. Mwali akitoka ndani amenawiri, watu hupiga vigelegele. Basi mama mwenye mwili wake akisema kwamba nyama za mikono, mapaja na tumbo zinamuuma akizigusa, kwamba hawezi kulalia ubavu wala kumpakata mjukuu, majirani humwambia amshukuru Mungu kwa afya. Akifika hospitali anaambiwa apunguze kula. Wote wana nia njema, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Mwaka 1888, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani, daktari wa mishipa ya fahamu aitwaye Francis Xavier Dercum alimwandika mgonjwa wa namna hiyo. Mwaka 1892 akachapisha habari za wanawake watatu, akasema huu si unene wa kawaida, ni ugonjwa ambao bado haujapewa nafasi katika vitabu, akauita adiposisi dolorosa. Dercum hakuwa daktari wa pembeni. Rais Woodrow Wilson alipopatwa na kiharusi Oktoba 1919, yeye ndiye bingwa aliyeitwa kumpima. Namtaja kwa sababu moja: daktari aliyeaminiwa kumpima rais ndiye yuleyule aliyewaamini wanawake waliosema mafuta yao yanauma, akawaandika kama walivyojieleza.

Leo madaktari wengi huutambua ugonjwa huu kwa mambo mawili yakiwa pamoja: unene, na maumivu ya tishu ya mafuta yaliyodumu zaidi ya miezi 3. Ndivyo walivyopendekeza watafiti wa Sweden katika mapitio yao ya mwaka 2012. Waligawa ugonjwa katika sura nne. Kuna wanaoumwa mafuta ya mwili mzima bila vivimbe vinavyoshikika. Kuna wenye vivimbe vingi vinavyouma, vimetapakaa. Kuna wenye vivimbe sehemu chache tu. Na kuna wenye mafuta yanayouma karibu na maungio, hasa upande wa ndani wa goti na kwenye nyonga. Wanawake huupata zaidi sana kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 35 na 50. Pamoja na maumivu huja uchovu usioisha kwa kulala, michubuko isiyo na sababu, usingizi wa kukatika, na huzuni. Huzuni ile wengi wetu tumeigeuza kuwa chanzo cha maumivu, ilhali mara nyingi ni tunda lake.

Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Dercum mwenyewe alishuku tezi ya thairoidi, na shaka hiyo haikupata uthibitisho. Katika baadhi ya familia ugonjwa hurithishwa, lakini wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye nao. Kwa hiyo utambuzi unategemea mikono na masikio ya anayepima, na hilo liwatie moyo walio katika zahanati zisizo na mashine.

Mtaniuliza: mafuta yanaumaje? Yanauma kwa sababu yana damu na yana neva. Tishu ya mafuta hutengeneza homoni. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni itokayo kwenye mafuta na kuupa ubongo habari za akiba iliyopo. Tishu yenye kazi kama hiyo inaweza kuugua kama inavyougua ini au figo.

Ila tusikimbilie kila kivimbe na kukiita Dercum. Vivimbe vya mafuta vya kawaida, laini, vinavyoteleza chini ya kidole bila maumivu, ni vingi sana, na vipo vya ukoo mzima visivyouma kamwe. Mwaka uleule wa 1888, mpasuaji Mjerumani Otto Madelung aliandika juu ya watu walioota mafuta mengi shingoni. Huo ni ugonjwa mwingine, hupata zaidi wanaume wanywaji wa pombe. Nao wanawake wenye miguu minene pande zote mbili, inayouma na kuvilia damu upesi, ilhali nyayo zimebaki nyembamba, huenda wana lipedema, ambayo madaktari wa Kliniki ya Mayo waliieleza mwaka 1940. Hii ya mwisho hukaribiana sana na Dercum, na hata mabingwa hubishana mpaka uko wapi.

Hoja ya pili: ngiri ni tundu, uvimbe ni dalili yake

Hapa nitapita haraka. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu: kinenani, chini kidogo ya kinena kwenye mzizi wa paja, kitovuni, kwenye mstari wa katikati juu ya kitovu, na penye makovu ya kupasuliwa. Kilichomo ndani husukumwa nje kupitia hapo, kama tyubu ya baiskeli inavyochomoza penye tundu la tairi. Kinachochomoza huenda ni utumbo, au utando wa mafuta unaofunika matumbo, au mafuta yaliyo nyuma ya ukuta wenyewe. Shikeni hilo la mafuta, tutalihitaji baada ya muda mfupi.

Hatari ya ngiri ni kunasa. Utumbo ukinaswa na damu ikakatika, una saa chache kabla ya kuoza. Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani haurudi tena, unakuwa mgumu na unauma sana. Mtu anatapika, tumbo linajaa, hapati choo wala hatoi hewa. Mtu huyo ni wa kukimbizwa hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku uleule. Nawaomba kwa namna ya pekee wakandaji wetu, ambao watu huwaendea kwa imani na ambao mikono yao imewasaidia wengi: uvimbe wa namna hiyo msiuchue, msiupige chuku, msiusukume ndani kwa nguvu. Mpelekeni mtu.

Hoja ya tatu: maradhi haya mawili hufichana

Niseme kwanza nisilolidai. Hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa Dercum huzaa ngiri, na sitaki mtu atoke hapa akautangaza uzushi huo kwa jina langu. Kinachoyakutanisha ni mambo mengine. Uzito mkubwa huongeza shinikizo ndani ya tumbo, na ngiri za kitovu na za penye makovu ya upasuaji hupata nafasi. Halafu ngiri yenyewe ni ya kawaida mno: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba mwanamume ana uwezekano wa asilimia 27 wa kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena maishani mwake, na mwanamke asilimia 3. Ugonjwa ulioenea kiasi hicho lazima utawakuta pia baadhi ya wenye ugonjwa adimu.

Sasa chukulieni mama mmoja wa mfano. Si mgonjwa wangu, nimemtunga, lakini wauguzi mtamfahamu. Ana miaka 48, mnene, ana vivimbe mikononi, tumboni na mapajani, vinavyouma kwa miaka. Amezoea kuambiwa ni mafuta tu. Siku moja anahisi kivimbe kipya kwenye mzizi wa paja, kidogo kama punje ya kunde. Anakuja zahanati amejifunga kanga mbili, anaona haya. Tabibu kijana naye anaona haya. Anamgusa juu ya nguo, anakumbuka vile vivimbe vingine, anaandika: mafuta. Anampa dawa ya maumivu.

Kile kivimbe huenda ni ngiri ya paja. Ngiri hiyo huwakuta zaidi wanawake wa umri mkubwa, na tundu lake ni jembamba na kingo zake ni ngumu. Madaktari wa London walichapisha hesabu mwaka 1991: ngiri ya paja ikiachwa, uwezekano wa kunasa ulifika asilimia 22 katika miezi 3, na asilimia 45 katika miezi 21. Kwa ngiri ya kinena ya kawaida, katika miezi 3 ileile, ulikuwa chini ya asilimia 3. Mnaona tofauti hiyo. Mama yule amebeba uvimbe ulio hatari kuliko ngiri kubwa za wazee tunazozijua mitaani, na umejificha kati ya vivimbe visivyoua.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlioko nyuma muandike hili. Mgonjwa mwenye vivimbe vya mafuta apimwe kinena na mapaja yake, amesimama na amelala. Awepo muuguzi wa kike ikiwa mgonjwa ni mwanamke, pazia lifungwe, aelezwe kwa upole kwa nini tunatazama hapo. Aombwe akohoe huku vidole vimetulia juu ya uvimbe. Uvimbe unaopiga kidole wakati wa kukohoa, au unaopungua akilala, huo una mlango wa kuingilia tumboni. Lakini ngiri ndogo ya paja huweza isipige wala isirudi, kwa hiyo ukimya wake usikutulize. Kama una shaka, omba altrasaundi. Na uiombe mgonjwa akiwa amesimama pia na akijikamua, si kulala kimya tu.

Haya ya kuvua nguo si jambo dogo. Nimesikia watu wakisema wanawake wa Pwani hawakubali kupimwa. Si kweli. Wanakubali wakiheshimiwa, wakipewa muda, na wakiambiwa ukweli wa kinachotafutwa. Tulichowanyima ni mahali pa faragha, kisha lawama tukawatupia wao.

Njia ya pili ya kufichana iko juu ya kitovu. Nilisema mafuta yenyewe huweza kuchomoza kupitia ukuta. Kwenye mstari wa katikati ya tumbo, chembe ya mafuta ya nyuma ya ukuta hupenya katika upenyo mdogo, ikawa uvimbe wa ukubwa wa zabibu, unaouma kuliko ukubwa wake. Ukiushika unadhani ni kivimbe cha mafuta cha chini ya ngozi. Kwa mgonjwa wa Dercum, ambaye tayari ana vivimbe tumboni vinavyouma, kosa ni rahisi kabisa. Mpasuaji anayekata akidhani anatoa kivimbe cha juu anakuta shina linaingia ndani ya tumbo. Akiwa amejiandaa atalifunga tundu; kama hakujiandaa, atakata shina na kuacha tundu wazi.

Kwa wanaume, mambo hukutana kinenani. Ndani ya mfereji wa kinena hupita kamba iendayo kwenye korodani, na mara nyingi mafuta ya nyuma ya ukuta hufuatana nayo. Wapasuaji huyaita lipoma ya kamba, ingawa kwa kawaida si uvimbe wa kweli bali ni mafuta yaliyoteleza. Huweza kuonekana kama ngiri kamili bila kuwa na mfuko wa ngiri ndani. Yasipoondolewa au kurudishwa wakati wa upasuaji, mtu atarudi baada ya miezi akisema ngiri imerudi. Na huku kwetu kuna mgeni wa tatu, busha, liletwalo na minyoo ya matende. Busha lina maji, na ukiliwekea tochi gizani mara nyingi hupitisha mwanga. Mafuta na utumbo wa mtu mzima kwa kawaida havipitishi. Tochi ni ya bei ndogo, kila zahanati iwe nayo. Uvimbe mgumu wa kinena unaokua haraka nao usiitwe mafuta bila kuchunguzwa, kwa kuwa ipo saratani adimu ya mafuta inayoota pale pale.

Upande mwingine wa hoja hii ni kinyume chake: ngiri inaficha ugonjwa wa mafuta. Mgonjwa anapasuliwa, kidonda kinapona vizuri, maumivu yanabaki. Tukumbuke kwamba hata bila Dercum, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inakadiria kwamba asilimia 10 hadi 12 ya waliofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena hubaki na maumivu ya muda mrefu yenye uzito wa kati au zaidi. Chanzo huweza kuwa neva iliyobanwa au kukatwa, au wavu unaowekwa kuimarisha ukuta penye tundu, au ngiri iliyorudi. Lakini mgonjwa anayesema maumivu yake yapo kinenani, na pia mikononi, na kiunoni, na yalikuwepo kabla ya kisu, huyo anatupa habari nyingine. Tusipomuuliza, atapasuliwa mara ya pili kutafuta kosa ambalo halipo, na kila kovu jipya litampa mahali papya pa kuumia. Swali lenyewe ni fupi, na liulizwe kabla ya upasuaji wa kwanza: mbali na hapa, wapi pengine panauma ukipashika?

Hoja ya nne: kila ugonjwa upewe tiba yake

Ngiri tiba yake ni upasuaji. Mwanamume mwenye ngiri ya kinena isiyomsumbua anaweza kusubiri akiangaliwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliofuata wanaume 720 ulionyesha kwamba dharura katika kundi la waliosubiri zilikuwa chache sana. Ruhusa hiyo haimhusu mwenye ngiri ya paja.

Wengi huogopa gharama ya wavu. Jirani zetu Uganda wametupa habari njema: katika utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi hiyo kwa wanaume 302, na kuchapishwa mwaka 2016, wavu uliotokana na kitambaa cha chandarua ulilinganishwa na wavu wa viwandani. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na matatizo mengine hayakutofautiana kwa maana. Ule ulikuwa wavu uliotayarishwa na kutakaswa kitaalamu. Msinielewe vibaya kuhusu vyandarua vya nyumbani.

Ugonjwa wa Dercum hauna tiba ya kuuondoa. Upo unafuu. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazitoshi. Wapo wagonjwa waliopata nafuu kwa lignokaini, dawa yetu ya ganzi ya kila siku, ikitolewa kwenye mshipa hospitalini chini ya uangalizi wa moyo, au kama plasta juu ya ngozi. Kivimbe kimoja kinachotesa kinaweza kuondolewa, ingawa vingine huota. Sweden wamejaribu kunyonya mafuta kwa mrija, na baadhi ya wagonjwa walipata ahueni. Kupungua uzito kuna faida kwa moyo, kwa magoti na kwa ngiri, nami naushauri. Lakini mgonjwa asiahidiwe kwamba maumivu yataondoka nao, maana mara nyingi hayaondoki, na akishindwa ataamini kosa ni lake.

Anayepasua ngiri ya mgonjwa wa Dercum apange maumivu mapema pamoja na mtaalamu wa ganzi. Amweleze mgonjwa wazi maumivu gani yanatarajiwa kuisha na yapi yatabaki. Mazungumzo hayo ya dakika kumi huzuia miaka ya kutoaminiana.

Tuendako

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa waliomo ukumbini.

La kwanza ni kwa vyuo vya matabibu na wauguzi. Ugonjwa wa Dercum uingie katika somo la uvimbe wa ngozi na tumbo, hata kama ni kwa nusu saa, na upimaji wa ngiri kwa wanawake ufundishwe kwa vitendo. Wanafunzi wengi huhitimu wakiwa wamepima ngiri za wanaume peke yake.

La pili ni kwa hospitali zetu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, ina namba E88.2 kwa magonjwa ya aina hii ya mafuta, Dercum akiwemo, na ina namba zake kwa ngiri: K40 kwa kinena, K41 kwa paja, K42 kwa kitovu. Mgonjwa mwenye yote mawili aandikwe namba zote mbili. Tukifanya hivyo kwa miaka mitano, mkoa huu wa Tanga utakuwa na hesabu yake wenyewe, nasi tutaweza kuuliza maswali ambayo leo hatuna pa kuyaanzia: ni wangapi, ni wa umri gani, na waliopasuliwa wanaendeleaje.

La tatu ni kwa akina mama mliomo humu. Kama mna vivimbe vinavyouma, njooni Jumatatu kliniki ya upasuaji mkiwa mmeviorodhesha: vilianza lini, viko wapi, na kipi ni kipya. Hicho kipya tutakitazama kwanza.

Sasa niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wauguzi wa wodi, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na wagonjwa hawa usiku.